Mashine ya Mradi wa Mwaka wa Mwisho na Bidhaa ya Sokoni
Wengi huamini kwamba mashine iliyoundwa na wanafunzi wa uhandisi mitambo katika mradi wa mwaka wa mwisho, ikishafanya kazi mbele ya wageni siku ya maonyesho, iko tayari kuuzwa, na kwamba ikiishia stoo ya karakana basi kipaji kimepuuzwa. Imani hiyo inaeleweka, na pengine kipaji hupuuzwa kweli, lakini hilo ni suala jingine.

Mashine kama hiyo ni mfano wa majaribio tu, bado si bidhaa ya kuuzwa, na hutengenezwa ili kujibu maswali machache: je, hesabu za nguvu ni sahihi, na je, vipuri vinaoana? Tuchukulie mashine ya kupukuchua mahindi ambayo shafti yake, yaani mhimili wake, huzunguka mara 600 kwa dakika. Maonyesho ya dakika 10 huizungusha mara 6,000 tu, ilhali katika saa 28 za kazi hupita mizunguko milioni moja, na ni katika mizunguko mingi ya namna hiyo ndipo chuma huweza kupata ufa kutokana na uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, hata kama mzigo wenyewe hauwezi kukivunja kwa mara moja.

Anayetaka kuhakikisha kama mashine ilikusudiwa kuwa bidhaa asome mwongozo wa kozi wa chuo husika, aone jinsi alama zinavyogawanywa kati ya ripoti, michoro, hesabu na mashine yenyewe. Kisha, akiikuta mashine, aulize imefanya kazi saa ngapi mfululizo, kwa mzigo gani, na kama mkanda wake umewekewa kinga ya mikono.