Bogenvilia yenye majani tele bila maua

Bogenvilia iliyofunika ukuta mzima kwa majani mabichi, bila rangi hata kidogo, kwa kawaida si mgonjwa. Imedekezwa.

Zile "karatasi" za zambarau, nyekundu au chungwa ni majani yaliyogeuka rangi, matatu kwa pamoja. Maua yenyewe ni vile vijirija vyembamba vyeupe vilivyo katikati, na vikishanyauka rangi bado hubaki kwa wiki kadhaa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usipopogoa yanabaki machache, tena juu kabisa. Pogoa mara wimbi la maua linapokwisha: punguza kila tawi kwa theluthi moja hivi, ukikata juu kidogo ya pingili, yaani kifundo jani linapotokea. Ukichelewa hadi ncha zianze kutia rangi, unakata maua yenyewe.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni maji. Mmea huu wa Amerika Kusini huchanua vizuri ukionja kiu, na ukimwagiliwa kila siku hukimbilia majani. Subiri udongo ukauke sentimita 3 hadi 5 kutoka juu, kisha mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu. Samadi nyingi na yurea nazo huleta majani, kwa sababu ya naitrojeni. Jua la moja kwa moja lisipungue saa sita kwa siku. Kwenye kivuli hakuna mbolea itakayokusaidia.

Mmea huu hauna vikono vya kujishikia, una miiba tu ya kujiegemeza. Ufunge kwenye waya kwa kamba laini, bila kukaza.

Wakati wa kupanda, usivute mche kutoka kwenye kiriba. Mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi, na mche ukishtuka hupukutisha majani. Chana kiriba pembeni, kisha ushushe shimoni pamoja na udongo wake.

Kwa vipandikizi, chukua tawi lililokomaa nusu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, lenye pingili tatu au nne. Zika mbili kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Kikichipua majani usikivute kukagua: majani ya kwanza hulishwa na akiba iliyomo kwenye kijiti, na mizizi huenda bado haijatoka. Kiache wiki 6 hadi 8.