Kwa nini mtu akatae hela ya bure?

Tuseme nimekukabidhi shilingi 10,000 ugawane na mtu usiyemjua. Unataja fungu lake mara moja tu, hakuna kuvutana. Akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, nyote mnatoka mikono mitupu. Mchezo huu ulichapishwa na Werner Güth na wenzake huko Ujerumani mwaka 1982, na hadi leo sisi tunaochunguza tabia za watu tunautumia.

Kwa hesabu kavu, hata ukipewa 500 pokea. Watu hawapokei. Fungu likishuka chini ya asilimia 20, karibu nusu hulikataa. Ukiwasimulia haya mabaharia wa Sahare, hapa Tanga, hawashangai. Chombo kikirudi, ikishatolewa gharama ya mafuta na barafu, kuna fungu la chombo, la nyavu, la nahodha, na la mabaharia. Anayepunjwa anaweza kuhama chombo hata kama kesho hana pa kwenda.

Mwaka 2003, Alan Sanfey na wenzake kule Marekani waliwachezesha watu 19 wakiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, kwa dola 10. Mtu alipowatupia dola 1 au 2, insula, sehemu iliyojificha ndani ya ubongo, ilichangamka, na ilichangamka zaidi kuliko pale ofa ileile ilipotoka kwa kompyuta. Insula inahusika pia na maumivu na kinyaa. (Kwa hiyo anayekwambia ameona "kituo cha haki" kwenye picha ya ubongo, mwache aendelee peke yake.)

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Daria Knoch na wenzake, Zürich, 2006. Walitumia sumaku kupunguza kwa muda utendaji wa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Washiriki wakaanza kupokea mafungu madogo, huku bado wanasema kwamba wameonewa! Kujua kwamba umedhulumiwa ni jambo moja. Kuacha hela mezani kwa sababu hiyo ni kazi nyingine ya ubongo.

Ila hakuna mashine inayokuonyesha fungu la haki ni kiasi gani. Joseph Henrich na wenzake waliupeleka mchezo kwenye jamii ndogondogo duniani. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia hujitegemea, walitoa wastani wa asilimia 26, na karibu hakuna aliyekataa. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao bila kundi hawapati kitu, walitoa asilimia 58. Waorma wa Kenya, katika mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua papo hapo: hii ni harambee.

Ndiyo maana nikishika ripoti ya aina hii naanza na sehemu inayoeleza washiriki ni nani. Mara nyingi ni wanafunzi wa chuo. Ningependa kuona insula ya nahodha siku ya mgao.