Je, wajua? Plombe ya utoto wa mama inaweza fika ku ubongo wa mutoto wake

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, alikomalia mu Katuba, kule Lubumbashi, pembeni ya parsele moja kwenye balikuwa banavunja batri za gari za zamani na kuyeyusha plombe mu sufuria juu ya makala, juu ya kutengeneza vizito vya nyavu. Plombe ni ile madini nzito ya rangi ya majivu, kwengine banaiita risasi. Yeye na batoto bengine ndio balikuwa banafagia ile vumbi. Sasa iko na mimba, anaishi mbali na pale, na aliponiuliza kama ile vumbi ya zamani inaweza kugusa mutoto nilimujibu mara moja: hapana yaya, miaka 20 imepita, damu yako ilishajisafisha.

Nilikosea, na naona batu bengi banakosea vile vile, juu tunafikiri sumu ni kitu ya leo tu: ukitoka ku vumbi umepona.

Ku damu peke yake nilikuwa sawa. Plombe yenye kuingia mu damu, nusu yake inatoka kisha kama mwezi moja. Lakini haitoke yote ku mikojo, ingine inahamia mu mifupa, na kwa mutu mukubwa zaidi ya 90% ya plombe ya mwili iko mule, inaweza kaa miaka 10 mpaka 30. Mwili unaikosea, unafikiri ni kalsiamu, ile madini yenye kujenga mifupa. Ni kama mutu amemwaga muchanga mweupe mu kiroba ya unga yenye umeweka akiba: kama hauifungue hauone kitu, siku wageni banakuja unafungua, unasonga bukari, na muchanga unaingia ku sahani.

Mugeni ni mimba. Mifupa ya mutoto inahitaji karibu gramu 30 za kalsiamu mbele azaliwe, nyingi mu miezi tatu ya mwisho, na kama chakula haitoshe mwili wa mama unafungua kiroba. Australia balipima bamama benye balihamia kutoka Ulaya ya Mashariki, plombe ya kule iko na alama yake tofauti na ya Australia, na mu mimba ile ya kwao ya zamani ilirudi mu damu. Plasenta (kondo la nyuma) haiizuie: damu ya kitovu inakuwa na plombe karibu sawa na ya mama.

Na si batri tu. Esanse (petroli) yenye plombe iliuzwa Afrika kusini ya Sahara mpaka karibu mwanzo wa 2006, kwa hiyo mama wa leo wa miaka 30 mwenye alikomaa ku barabara kubwa aliipumua.

Mu ubongo, ile kukosea plombe na kalsiamu inaendelea. Seli moja ikitaka kusemesha ingine, kalsiamu ndiyo inatoa ruhusa, sawa reseveri wa taksi-bisi anagonga bodi juu shofere aende. Plombe inagonga wakati hakuna mutu amepanda, na wakati batu bamejaa inazuia mukono wa reseveri wa kweli. Ubongo wa mutoto mu tumbo unajijenga kwa kufuata zile ishara, njia yenye kutumika inabakia, yenye haitumike inakatwa.

Ukubwa wa hasara ni vigumu kuupima, juu umaskini na vumbi vinaendaga pamoja. Mu utafiti wa Boston wa 1987, batoto benye plombe nyingi ku kitovu balikuwa chini kwa karibu pointi 5 ku kipimo ya akili ku miaka mbili, lakini ku miaka tano ile tofauti ya kitovu haikuonekana tena. Hata vile, OMS, shirika la afya la dunia, inasema hakuna kiasi yenye kujulikana kuwa salama.

Kalsiamu inasaidia kidogo: Mexico, miligramu 1200 kila siku zilishusha plombe ya damu ya bamama ba mimba kwa karibu 11%. Nilimuambia yaya aongeze ndakala, zile samaki ndogo za kukauka, azitafune na mifupa yake, na aache kula pemba, juu ile udongo mara ingine inakuwa na plombe yake. Na aulize munganga kupima damu zaidi ya mara moja, juu mu mimba plombe inashukaga katikati halafu inapanda ku mwisho: kipimo ya mwezi wa tano inaweza kuonyesha damu safi kuliko ile mutoto atapata mwezi wa nane.