Moto wa gesi na samaki: kabla ya kulaumu asidi, pima magadi

Kila nikifundisha habari za moto wa gesi kwenye visima vya mafuta, swali la kwanza hapa Tengeru huwa lile lile: mvua ya asidi inaua samaki kiasi gani? Jibu langu huwaudhi wanafunzi. Inategemea imenyesha kwenye maji gani.

Mafuta ghafi hupanda na gesi iliyoyeyuka ndani yake. Pasipo bomba la kuipeleka sokoni wala mtambo wa kuirudisha ardhini, mwenye kisima huichoma juu ya mnara. Songo Songo hawana shida hiyo, maana gesi ndiyo waliyoifuata. Delta ya Niger walifuata mafuta, tangu yalipopatikana Oloibiri mwaka 1956. Sheria ya Nigeria ya 1979 ilitaka uchomaji ukome mwaka 1984. Moto ungali unawaka.

Gesi isipoungua vizuri hutoa masizi na haidrokaboni zenye sumu. Zaidi ya hapo kuna oksaidi za naitrojeni, na za salfa kama gesi ina salfa. Hizi mbili ndizo zinazoitia mvua asidi.

Sasa chukua maji ya maziwa ya Momella, yaliyojaa bikaboneti, yaani magadi yanayomeza asidi, kutoka miamba ya volkano ya Meru. Tia asidi kidogo: pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, haitikisiki. Vijito vingi vya Delta havina kinga hiyo, maji yake ni laini. pH ikishuka kuelekea 5, alumini iliyotulia kwenye udongo huyeyuka na kunata kwenye mashavu ya samaki. Ute hujaa, chumvi ya damu huvuja, na samaki hukosa pumzi ndani ya maji yenye oksijeni ya kutosha. Mayai na vifaranga hutangulia kufa. Konokono nao hushindwa kujenga magamba.

Hata hivyo, sikubali kila samaki aliyekufa Delta aandikwe kwenye hesabu ya moto. Mafuta yamemwagika huko kwa miongo mingi, na haidrokaboni zake pia huharibu moyo wa samaki akiwa bado ndani ya yai, jambo lililochunguzwa sana baada ya ajali ya meli ya mafuta Exxon Valdez, Alaska, mwaka 1989. Kwenye tope la mtoni vyanzo hivi viwili huchanganyika. Mkemia mvumilivu huvitenganisha kwa uwiano wa molekuli, kwa kuwa za kwenye masizi na za mafuta mabichi hazilingani. Anayepima pH peke yake hataona lolote.

Kisha kuna mwanga, ambao wengi huusahau. Mvuvi yeyote wa dagaa anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu karabai haivuti kitu. Mnara unaowaka usiku kucha ukingoni mwa maji ni mwezi mpevu usiotua: planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) wanaopanda juu gizani hubaki chini, na samaki wanaowafuata hubadili mwenendo.

Hilo ndilo linalonifanya nitazame eneo la mafuta la Kingfisher, ukingoni mwa Ziwa Albert, Uganda, mojawapo ya maeneo yatakayolisha bomba la mafuta la kwenda Tanga. Maji ya ziwa hilo yana magadi, hivyo asidi hainitishi sana. Lakini wavuvi wa muziri na ragoge, samaki wadogo wa huko, hutega kwa taa. Ningekuwa na kazi huko, ningechukua tope la ufukweni na rekodi za mavuno yao ya usiku mapema, kabla mnara wowote haujazoeleka.