Je, wajua kwa nini kwa dubu mmoja unajifanya maiti, na kwa mwingine unapigana?

Anayeingia kwa miguu katika misitu ya Yellowstone, Marekani, huambiwa mambo mawili yanayoonekana kupingana. Dubu wa kahawia akikurukia na kukuangusha, jifanye maiti. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye kwa jiwe, fimbo au ngumi, ukilenga uso na pua.

Sababu ni namna kila mmoja anavyolinda watoto wake. Dubu mweusi ni mnyama wa msituni. Akihisi hatari, mama huwapandisha watoto mtini. Dubu wa kahawia amezoea mahali pa wazi pasipo na mti wa kukimbilia, na kucha zake ndefu zinafaa zaidi kuchimbua mizizi kuliko kupanda. Kwa hiyo kinga yake ni kushambulia. Akikuangusha, mara nyingi anataka kuhakikisha kwamba huna madhara tena, ukitulia, huondoka. Mweusi, ambaye kwa kawaida hukimbia, akikufuata na kukushambulia huenda anakuwinda, na hapo kulala chini ni kumrahisishia kazi.

Kujifanya maiti kuna namna yake. Lala kifudifudi, mkoba ubaki mgongoni ukukinge, pishanisha vidole nyuma ya shingo, tanua miguu asiweze kukugeuza. Usiinuke mpaka uwe na hakika ameshakwenda. Asipokoma, basi hata wa kahawia pigana naye.

Rangi isikudanganye, maana wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia. Tazama mabegani: dubu wa kahawia ana nundu.

Kukimbia usijaribu kabisa. Dubu hufikia kilomita 56 kwa saa, na dubu mweusi atakufuata hata juu ya mti.

La maana zaidi ni kutofika huko. Kaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu yeyote. Tembeeni watatu au zaidi, na mpaze sauti hasa karibu na mito, ambako maji humeza kishindo chenu. Kopo la dawa ya pilipili, ya kumpulizia dubu, likae kiunoni. Likiwa ndani ya mkoba, hutapata muda wa kufungua zipu. Dubu anayekujia mbio mpulizie akiwa kama mita 9 hadi 18, ukielekeza chini kidogo ili aingie kwenye wingu la dawa. Usijipake wala usipulizie hema kama dawa ya mbu: dawa hii hufanya kazi ikimwingia dubu machoni na puani.