Barabara Kuu ya Newell, Australia: Yanayodhaniwa na Ukweli Wake

Newell inaanzia Tocumwal, mpakani na jimbo la Victoria, inapanda takriban kilomita 1,060 hadi Goondiwindi, ng'ambo tu ya mpaka wa Queensland. Ndiyo barabara kuu ndefu kuliko zote katika jimbo la New South Wales, na malori ya Melbourne–Brisbane hupita huku bila kugusa Sydney.

Dhana: Ukitoka pwani ya Australia ni jangwa tu.
Jangwa liko mbali zaidi magharibi. Newell inakatiza mashamba ya ngano, kanola (zao la mbegu za mafuta) na malisho ya kondoo. Ukikaribia Narrabri na Moree ni pamba. Wakati wa mavuno utaona marobota makubwa ya duara yaliyofungwa plastiki, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nyasi za kando ya lami.

Dhana: Nchi tambarare, barabara yake ni rahisi.
Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Udongo mweusi unaostawisha pamba ndio huo huo unaoharibu lami. Ni mfinyanzi: ukinyeshewa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Wanaolima udongo wa mbuga Usukumani, au ule mweusi wa Mwea, wanaujua vizuri. Lami iliyolala juu yake hupanda na kushuka mpaka ikawa mawimbi, kisha lori la matela mawili lenye urefu wa mita 36.5 linapita juu. Tabaka la chini lisipoimarishwa, kwa chokaa kwa mfano, kuziba mashimo ni kazi bure.

Dhana: Mvua ikikatika, njia iko wazi.
Kwenye tambarare maji hutembea polepole. Mto unaweza kufurika siku kadhaa baada ya mvua kunyesha huko unakotokea, hapa jua likiwaka. Novemba 2022 mto Lachlan uliufunika sehemu kubwa ya mji wa Forbes, na Newell ikakatika.

Dhana: Barabara iliyonyooka ni salama.
Sehemu kubwa ina njia moja kila upande, na unyoofu huo huleta usingizi. Kwa kanuni ya kawaida, dereva wa lori aliye peke yake hafanyi kazi zaidi ya saa 12 katika saa 24. Mwenye gari dogo hana kikomo kama hicho. Afike Dubbo, karibu katikati ya safari ya Melbourne–Brisbane, alale.