Hati ya Ardhi Haifuti Njia ya Mtoni

Kila kiangazi kinapokaza, malalamiko yanayofika mezani kwetu, ofisi ya mazingira, yanafanana. Mtu amenunua shamba kando ya Mto Malaba, hapa mashariki mwa Uganda, amezungusha seng'enge mpaka ukingoni, na akina mama waliozoea kuteka maji hapo sasa wanapenya chini ya waya na jerikeni, au wanazunguka mbali. Mwaka huu yameongezeka kwa sababu mashamba mengi ya kando ya mto yanapimwa ili yapate hati. Wenye mashamba hayo si watu wabaya. Wengi walionyeshwa mipaka na muuzaji, na muuzaji hakutaja njia. Lakini kutojua hakuondoi njia iliyokuwepo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wananchi, na hata baadhi ya viongozi wa vijiji, huyachanganya: ukanda wa hifadhi ya mto, na njia ya umma inayoelekea mtoni.

Ukanda wa hifadhi umewekwa na kanuni za mwaka 2000 za usimamizi wa ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Mito iliyoorodheshwa humo, ikiwemo Nile, Kagera, Katonga, Rwizi, Mpologoma, Manafwa, Semliki, Sipi na huu wetu wa Malaba, ina ukanda wa mita 100. Mito isiyoorodheshwa ina mita 30. Vipimo hivyo huanzia pale maji yanapofika yakijaa kabisa. Mtu anayevuta futi kamba kutoka kwenye maji ya Januari anajidanganya, na akileta ramani ya namna hiyo ofisini itarudishwa. Baada ya mafuriko tembea ukingoni utazame vichakani: utaona mabua, majani makavu na mifuko ya plastiki imenasa kwenye matawi kwa mstari mmoja, pengine juu ya kiuno chako. Mstari huo unakupa picha ya kuanzia. Alama rasmi huwekwa na maafisa.

Ndani ya ukanda huo hakuna shughuli inayoruhusiwa bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi Mtendaji wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Neno la mdomo la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si kibali. Barua yake yenye muhuri nayo si kibali. Tumelisema hili mara nyingi na bado tunaletewa barua hizo.

Kuteka maji ni jambo jingine. Sheria ya Maji ya 1997 inampa mkazi, na hata mtu aliye mahali kwa muda tu, ruhusa ya kutumia maji ya chanzo asilia kwa matumizi ya nyumbani, kuzima moto na kumwagilia bustani ya chakula chake. Hahitaji karatasi yoyote. Akileta pampu ya injini, hapo anahitaji kibali cha maji.

Haki ya kuteka maji haikupi ruhusa ya kukanyaga shamba la mtu popote upendapo. Wapo wanaosema, "Mto ni wa serikali, kwa hiyo napita ninakotaka." Hapana. Ni kweli kwamba Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inaishikilia mito kwa amana kwa niaba ya wananchi wote. Lakini mihogo iliyo katikati yako na mto ina mwenyewe. Unachodai ni njia, na njia lazima uweze kuionyesha ilipo.

Njia ya zamani huacha ushahidi. Udongo wake umeshindiliwa na kushuka chini kuliko bustani za pembeni, na mizizi ya miti imejitokeza. Mimea ya mpaka ya mashamba mawili jirani inaacha pengo linalolingana pande zote mbili, kwa sababu wazee walipanda wakijua watu wanapita hapo. Njia inapoishia mtoni kuna mawe ya kukanyagia, na pale ng'ombe wanaponyweshwa ukingo umechakaa ukawa mteremko. Ramani za Idara ya Upimaji na Ramani iliyoko Entebbe, zile za kipimo cha 1:50,000, huonyesha baadhi ya njia za miguu na vivuko. Picha za angani za zamani husaidia zaidi. Kisha wapo wazee. Waandikwe majina, wasimame kwenye njia yenyewe waseme waliitumia tangu lini, akina nani walipita na kwa shughuli gani. Ushahidi wa mzee aliyeketi barazani akisema "njia ilikuwepo kule" huanguka kwa swali moja la wakili.

Sasa lile linalotusumbua kuliko yote: imani kwamba mtu akipata hati, njia imekufa. Sheria ya Usajili wa Hati inasema waziwazi kwamba ardhi iliyo kwenye hati bado inafungwa na njia za umma zilizopo, hata kama hazikuandikwa kwenye hati hiyo. (Nambari za vifungu zilibadilika toleo jipya la sheria lilipoanza kutumika 2024, ndiyo maana nataja sheria kwa majina.) Mnunuzi anayesema "sikuona njia kwenye hati" hajajibu chochote.

Hata hivyo, kuthibitisha njia baada ya hati kutoka ni kazi ngumu na ya gharama. Wakati wa kuilinda ni pale ardhi inapoombewa cheti cha umiliki wa kimila au hati ya umiliki huru. Ombi likiwasilishwa, Kamati ya Ardhi ya eneo, yenye mwenyekiti na wajumbe wanne, hubandika tangazo mahali pa wazi katika parishi (kundi la vijiji) na kwenye ardhi yenyewe. Tangazo linaeleza ardhi iko wapi na ukubwa wake wa kukadiria, na linawaita wote wenye madai, majirani wakiwemo, kwenye kikao. Kikao hakiwezi kufanyika kabla ya wiki 2 tangu tangazo libandikwe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998, kamati inaweza kupima na kuweka alama ya njia inayopita kwenye ardhi hiyo. Ripoti yake huenda kwenye Bodi ya Ardhi ya Wilaya.

Na kikaoni nani huja? Mwombaji, ndugu zake, jirani mmoja mwenye ugomvi wa mpaka. Wanaoteka maji kila siku hawaji. Mwaka unaofuata seng'enge ikisimama, ndipo kijiji kizima kinakuja ofisini na mabango. Nawasihi, hasa akina mama, kwa kuwa njia hii mnaitumia ninyi kuliko yeyote: tangazo likibandikwa, nendeni. Ombeni njia iandikwe kwenye muhtasari na ionekane kwenye mchoro, pamoja na upana wake. Upana ni muhimu. Njia ya miguu na ng'ombe haigeuki kuwa barabara ya malori ya mchanga kwa sababu tu kuna mtu amepata mteja wa mchanga.

Ikiwa njia imeshazibwa, msikate waya. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Tumeona wenye haki wakigeuka washtakiwa kwa sababu ya panga moja. Andikeni malalamiko kwa mwenyekiti wa LC1, nakala kwa mkuu wa gombolola (ngazi iliyo juu ya parishi) na kwa afisa mazingira wa wilaya. Tajeni kijiji, parishi, njia inapoanzia na inapoishia, tarehe ilipozibwa, na ambatisheni picha. Mgogoro wa ardhi ya kimila huanzia mahakama ya LC2 (ya parishi), kisha LC3 (ya gombolola), kisha hakimu mkuu. Ofisi yetu haiamui nani mwenye njia. Hiyo ni kazi ya mahakama. Sisi tunakagua ukanda wa mto, na uzio uliomo humo bila kibali tunaweza kuushughulikia bila kusubiri kesi ya njia iishe.

Kwa mwenye uzio: kuzuia umma kutumia haki yake ni kosa la kero kwa umma chini ya Kanuni ya Adhabu, lenye kifungo cha hadi mwaka 1. Makosa makubwa ya uharibifu chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 yanaweza kufika faini ya pointi za sarafu 30,000, kipimo ambacho sheria hutumia kuhesabu faini. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni shilingi milioni 600, au kifungo cha hadi miaka 12, au vyote viwili. Hati iliyotolewa kimakosa inaweza kufutwa na Kamishna wa Usajili wa Ardhi baada ya kuwapa wahusika taarifa ya siku zisizopungua 21.

Mwenye shamba aliye tayari kufungua njia kwa hiari asingoje barua yetu. Aite mwenyekiti na majirani, wakubaliane upana, waweke mawe au mimea pande zote mbili, waandike makubaliano na kuyasaini. Nakala moja ibaki gombolola, na mpima ardhi apewe nakala kabla hajachora.